Msitu Haupimwi kwa Hekta Peke Yake

Kila zinapowasilishwa taarifa za misitu mbele ya viongozi wetu, jambo linalosomwa mwanzo na kukumbukwa hadi mwisho ni hekta. Tunaelezwa eneo lililomo ndani ya mipaka ya hifadhi, idadi ya miche iliyooteshwa vitaluni na shehia zilizogawiwa miche hiyo. Hatuzibezi hesabu hizo hata kidogo, kwani nchi isiyojua ukubwa wa misitu yake haiwezi kuilinda. Lakini liko swali ambalo kwa maoni yetu haliulizwi vya kutosha katika vikao hivyo, nalo ni hili: ndani ya hekta hizo mna nini? Leo tunaliuliza kwa niaba ya kiumbe ambaye ni nadra kupata wakili katika safu za magazeti, naye ni mjusi.

Tunatambua kwamba baadhi ya wasomaji watatabasamu. Mjusi hana heshima kubwa majumbani mwetu. Yule anayetembea juu ya dari tumempa jina la kafiri, na juu ya suala la kumuua au kumwacha wapo wanavyuoni wenye elimu yake. Safu hii haidiriki kuingia humo. Tunaowazungumzia ni mijusi wengine, wa mashamba na misitu, ambao wengi wao hawamwingilii mtu chumbani. Mmoja wao ni mjusi wa kijani wa Pemba, ambaye wataalamu humwita Phelsuma parkeri. Arthur Loveridge alimweleza kitaalamu mwaka 1941, na tangu hapo hadi leo hajulikani kuwa na asili ya mahali pengine popote duniani isipokuwa kisiwa cha Pemba. Mkulima wa Pemba anamjua vyema: ndiye yule wa rangi ya jani bichi anayeota jua juu ya mgomba au mnazi mchana kweupe, na akimwona mtu huzunguka upande wa pili wa shina.

Kwa nini Pemba iwe na viumbe vyake peke yake? Sababu ni bahari. Unguja ilikuwa imeshikamana na Bara hadi miaka ipatayo elfu kumi iliyopita, bahari ilipopanda na kuitenga. Pemba imetengwa na Mrima kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na utengano wake ni wa zamani zaidi mno. Kwa muda huo mrefu viumbe vyake vimepata kushika njia yao wenyewe. Ndiyo maana kisiwa hicho kina popo wake, kina njiwa wake, kina mpapindi wake, ambao ni mti wa jamii ya mpopoo, na kina mijusi wake. Mali ya namna hii haina ghala la akiba mahali pengine. Ikipotea Pemba imepotea duniani.

Sasa tutazame hali ya makao ya viumbe hao. Karafuu, ambayo imetulisha na kutusomeshea watoto, ilipandwa katika karne ya 19 juu ya ardhi ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa msitu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wananchi waligawiwa eka tatu tatu, wakajenga na wakalima, na hiyo ilikuwa haki yao. Katika sensa ya 2022 Pemba ilikuwa na watu 543,441 katika kisiwa ambacho eneo lake halifiki kilomita za mraba elfu moja. Msitu mkubwa uliobaki ni Ngezi, upande wa kaskazini-magharibi, ambao hifadhi yake haifiki hekta 1,500. Na barabara ya kutoka Konde kwenda Makangale inapita ndani yake. Ukiacha huo na mabaki machache kama ya Ras Kiuyu, vilivyosalia ni vichaka vya makaburini, vya mizimu, vya mabondeni na vya juu ya mawe ambako jembe halipiti. Unguja nayo ina Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, ina Kiwengwa na Pongwe, ina Masingini. Kisha ni vipande vipande.

Kipande cha msitu kina hila yake, na hila hiyo yafaa ieleweke na kila anayetia saini ramani. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Tuseme jua, upepo, moto wa mashambani na panga la mtafuta kuni huingia msituni mita 50 kutoka ukingoni. Msitu wa mraba wenye hekta 100 utabakiwa na hekta 81 za katikati ambazo hazikuguswa. Lakini msitu wa mraba wenye hekta moja, yaani mita mia kwa mita mia, hautabakiwa na kitu. Wote utakuwa ukingo. Ukichukua vipande mia vya hekta moja moja vilivyotawanyika, karatasi itaonyesha hekta 100 zile zile. Afisa aliyeko ofisini haoni tofauti. Mjusi aliyeko msituni anaiona.

Anaiona kwa sababu ya maumbile yake. Mjusi hana moto wa ndani kama alio nao binadamu, bali huupata joto lake juani na huikimbilia nafuu kivulini, na maisha yake ya kila siku ni safari fupi fupi baina ya hayo mawili. Akikosa jua hana nguvu za kuwinda, na akikosa kivuli hufa. Mayai yake huyaficha ufani mwa gome, kikonyoni mwa jani, chini ya gogo lililooza au katika tundu la mwamba, mahali palipo na unyevu wa kiasi na ambapo siafu na panya hawapafikii kwa urahisi. Jamii ya mjusi wetu wa kijani hutaga mayai mawili tu kwa mara moja. Kiumbe wa namna hii hahitaji ardhi kubwa. Mti mmoja mkubwa wenye mashimo waweza kuwa mji mzima kwake. Lakini anahitaji mti ule hasa, pamoja na majani yaliyoanguka chini yake na wadudu waliomo ndani ya majani hayo. Mfagilie msitu wake, mkatie miti mikongwe, mwachie nguzo nyembamba zilizopangwa kwa mstari, naye atatoweka ilhali daftari linaendelea kusema kuwa msitu upo.

Joto la dunia limeliongeza uzito jambo hili. Mwaka 2010 kundi la wataalamu lilitoa matokeo ya kazi yao nchini Mexico, ambako walirejea katika maeneo 200 yaliyochunguzwa kuanzia mwaka 1975 ili kuwatafuta mijusi wa aina 48. Walikuta kwamba asilimia 12 ya makundi hayo ya mijusi yamekwisha kutoweka. Sababu waliyoieleza ni kwamba saa za joto kali zimeongezeka katika msimu wa kuzaa, na mjusi aliyelazimika kujificha tundumwake kutwa hapati chakula cha kutosha kutengeneza mayai. Kivuli cha mti mrefu, kwa hiyo, kimekuwa riziki. Kipande cha msitu ambacho dari yake ya majani imetobolewa hakiwezi kumpa mjusi hifadhi ile aliyopewa babu yake na kipande hicho hicho.

Iwapo kuna atakayedhani kwamba tunatia chumvi, na atazame visiwa wenzetu wa Bahari ya Hindi. Mauritius ina kisiwa kidogo kiitwacho Round Island, kiasi cha kilomita 22 kutoka kisiwa kikuu, chenye hekta 219. Panya hawakuwahi kukifikia, na kwa sababu hiyo kilibaki kimbilio la mwisho la mijusi na nyoka waliokwisha angamia kwingineko katika nchi hiyo. Lakini katika karne ya 19 waliletwa sungura na mbuzi. Wanyama hao walikula kila chipukizi, miti migumu ikafa bila ya kurithiwa, mvua ikauchukua udongo hadi baharini na mwamba ukabaki uchi. Nyoka mmoja wa kisiwa hicho, ambaye wataalamu humwita Bolyeria multocarinata, alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1975. Serikali na wahifadhi walipozinduka waliwaondoa mbuzi, waliokwisha mwaka 1979, na sungura, waliokwisha mwaka 1986. Mimea ikarudi, na pamoja nayo mijusi wakaongezeka, akiwemo yule mkubwa aitwaye Leiolopisma telfairii, ambaye kuanzia miaka ya 2006 na 2007 aliweza kupelekwa kuanzisha kizazi upya katika visiwa vingine vidogo.

Katika muda wote huo, wa maangamizi na wa marejeo, Round Island haikupungua wala haikuongezeka hata hekta moja. Tungependa maofisa wetu waurudie mfano huu zaidi ya mara moja.

Mfano wa pili uko katika nchi yetu, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Humo mna Msitu wa Kimboza, wenye takriban hekta 400, na ndani yake anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya samawati iliyo kali kama ya johari. Wataalamu humwita Lygodactylus williamsi. Makazi yake ni Kimboza, msitu jirani wa Ruvu na vipande vichache kandokando. Na si kila mahali ndani ya misitu hiyo, la. Yeye huishi juu ya mti mmoja tu, wa jamii ya mkadi. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa mkadi, kwa kuwa maua yake yameingia katika vikuba vya mama zetu na bibi zetu. Wale wa visiwani hupenda pwani, na huu wa Kimboza hukaa msituni, lakini umbo ni lile lile: majani marefu yenye miiba, yaliyopandana kwa mzunguko na kufanya mifuko ambamo maji hukaa na mjusi hujificha.

Wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa walipomgundua mjusi huyo, bei yake Ulaya na Marekani ikawa kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kuwa kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua baina ya mijusi 32,310 na 42,610 tangu Desemba 2004 hadi Julai 2009. Kuchukuliwa kwao ni hasara ya kwanza. Hasara ya pili, iliyo nzito zaidi kwa maoni yetu, ni kwamba wakusanyaji waliikata mikadi ili kuwafikia. Mjusi aliyenusurika siku ile alikosa nyumba siku ya pili. Juu ya hayo, ndani ya Kimboza ulipandwa mti wa kigeni, Cedrela odorata, nao ukaenea na kusonga miti ya asili. Anayehesabu miti ataikuta miti, tena iliyostawi. Anayetafuta mikadi ataona pengo. Mwaka 2012 mjusi huyo aliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Marufuku hiyo ni nzuri, ila haipandi mkadi.

Wapo watakaouliza faida. Ni swali halali, hasa linapotoka kwa mwananchi ambaye hajapata kuni za kupikia chakula cha jioni. Mjusi hula wadudu, na hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba jamii ya mjusi wetu wa kijani hunywa pia utamu wa maua na hubeba chavua kutoka ua hadi ua kama nyuki afanyavyo. Huko huko Mauritius uko mti wa maua mekundu, Trochetia blackburniana, unaotegemea mjusi wa jamii hiyo. Watafiti walionyesha mwaka 2007 kwamba miti hiyo ilipokuwa karibu na vichaka vizito vya mikadi ilizaa zaidi kuliko ile iliyokuwa mbali. Sababu ni kwamba mijusi hukaa kwenye mikadi, wakijikinga na adui, na hawapendi kwenda mbali na makao yao. Mkadi hauliwi na mti ule, haunyonywi na mti ule, wala haugusani nao. Lakini ukikatwa, mti ule hupungukiwa na watoto. Msitu umeshonwa kwa nyuzi za namna hiyo, na nyingi kati yake hatujazijua.

Ni haki pia kutaja pale tulipofanya vizuri. Popo wa Pemba aliwekwa mwaka 1996 katika daraja lile la hatari kabisa. Wananchi wakaunda jumuiya za kumlinda, Kidike na kwingineko, uwindaji ukapungua, na kufikia mwaka 2008 alikuwa ameshushwa hadi daraja jepesi zaidi. Hiyo ni fahari ya Wapemba wenyewe. Lakini tusidhani kwamba dawa ile ile itamponya kila mgonjwa. Popo ana mbawa. Akifukuzwa mwembeni huruka usiku kuvuka mashamba na ghuba, akafika kwenye msitu mwingine. Mjusi hawezi. Shamba la mpunga lenye upana wa kutupa jiwe laweza kuwa bahari kwake. Akiisha katika kipande kimoja, hakuna mgeni atakayekuja kujaza nafasi, na kwa hiyo ubora wa kile kipande alimo ndio maisha yake yote.

Hapa mkulima ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Mjusi wa kijani hakuikimbia Pemba ilipogeuzwa mashamba, na sababu yake ni kwamba shamba la Kipemba halikuwa la mmea mmoja. Chini ya mkarafuu palikuwa na mgomba, pembeni mnazi na mpopoo, juu mwembe na mfenesi, na mpakani kichaka kilichoachwa. Shamba kama hilo ni daraja baina ya msitu na msitu. Likifyekwa na kuwa uwanja wa zao moja, na likanyunyiziwa dawa inayoua wadudu wote pasipo kuchagua, daraja hukatika. Tusisahau pia kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890, ambaye huwala mijusi na makinda ya ndege; naye hustawi zaidi pale tunapoacha taka zimerundikana, jambo ambalo tumeliandika sana na hatutarudia leo.

Tukirejea kwa wahusika, Sheria ya Misitu Nambari 10 ya mwaka 1996 ilifungua mlango wa vijiji kuingia makubaliano na Serikali juu ya misitu yao, na mlango huo ulikuwa wa busara. Tunachoomba ni kwamba makubaliano hayo yaseme zaidi ya mipaka. Yaseme ni miti gani mikongwe haikatwi kabisa, hata ikiwa imekufa imesimama. Yaseme magogo yaliyooza yaachwe katika sehemu ya katikati ya msitu. Yaseme mikadi, mipapindi na mitini ya msituni isiguswe. Upandaji wa mivinje na mikeshia uendelee, kwani hutupatia kuni na majengo na huupunguzia mzigo msitu wa asili. Lakini hekta za mivinje ziandikwe katika safu yake na zisiongezwe juu ya hekta za msitu wa asili ili jumla ipendeze. Anayechanganya safu hizo mbili anamdanganya Waziri wake.

Upo pia upande wa wawekezaji. Fukwe za kaskazini ya Pemba ni nzuri, na utalii unaleta ajira ambazo vijana wetu wanazihitaji. Mara nyingi tumesikia ahadi kwamba mradi utachukua sehemu ndogo tu ya msitu. Udogo si hoja. Inafaa iulizwe ni sehemu gani: je, ni ukingo uliokwisha chakaa, au ni ile hekta moja ya katikati yenye miti ya miaka mia? Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira inayo haki ya kudai jibu kabla ya kibali kutolewa, nasi tunadhani ni wajibu wake kulidai kwa maandishi.

Wala hatusahau kwamba mzigo wa hifadhi huangukia kichwa cha mama anayetafuta kuni. Haitakuwa insafu kumfungia sehemu ya katikati ya msitu bila ya kumpa cha badala karibu na kwake. Shehia inayokubali kuacha msitu wake utulie ipewe mwanzo miche ya kuni, majiko yanayotumia kuni kidogo na sehemu ya mapato ya wageni, tena mapema, kabla subira haijakwisha.

Fedha za Idara si nyingi, tunalijua hilo. Kwa hivyo ombi letu la mwanzo ni dogo. Kabla ya masika yajayo, maofisa wa misitu, masheha na walimu wa skuli pamoja na wanafunzi wao wavitembelee vipande vya msitu vilivyomo katika wilaya zao, wahesabu miti mikongwe iliyosimama, mikadi iliyobaki, mahali ambapo dari ya majani imetoboka, na mijusi waliowaona kwa muda wa saa moja ya asubuhi. Waandike, na mwaka wa pili wahesabu tena mahali pale pale. Matokeo hayo yapelekwe Baraza la Wawakilishi pamoja na jedwali la hekta, ili Mwakilishi atakaposimama kuuliza hali ya msitu uliomo jimboni mwake ajibiwe kwa safu mbili, ya ukubwa na ya vilivyomo.